Urojo wa Unguja: onja rojo kwanza

Mgeni wa Mji Mkongwe akiagiza urojo, kibakuli cha mbatata (viazi), bajia na vinginevyo vilivyomwagiwa rojo zito lenye ukali, macho yake huenda kwenye vilivyopangwa mezani: mishikaki, bajia, kachori, mayai, muhogo uliokaangwa ukakauka. Lakini kibakuli kinapona au kuharibika kwenye sufuria iliyo pembeni, ile ya rojo la manjano. Mishikaki mizuri haiokoi rojo baya. Rojo zuri likimwagiwa juu ya mbatata na bajia mbili tu, bila nyama wala yai, mtu hula akaramba kijiko. Ndiyo maana tathmini hii ya urojo unaouzwa mjini Unguja inaanzia kwenye sufuria, na huko ndiko itakakokaa muda mrefu zaidi.

Rojo ni maji, unga, kitu kikali, manjano na chumvi. Kwa lita 2 za maji, kipimo kinachotoa matokeo ya kuaminika ni unga wa ngano gramu 100, yaani robo tatu ya kikombe na ziada kidogo, unga wa dengu vijiko 3 vya chakula, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi vijiko 2 vya chai visivyojaa, na maembe mabichi 2 ya kiasi. Unga wa ngano unaleta uzito, wa dengu unaleta ladha. Anayetumia ngano peke yake hupata rojo linaloteleza vizuri lakini halina kitu mdomoni. Anayetumia dengu peke yake hupata rojo la chengachenga lenye harufu nzito inayofunika embe.

Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi, upitishwe kwenye chujio, ndipo umiminwe kwenye maji ya moto huku mwiko ukizunguka. Ukitiwa mkavu kwenye maji yanayochemka, nje ya kila donge hupikika papo hapo na kuufungia unga mkavu ndani, na madonge hayo hayavunjiki tena hata ukoroge vipi. Likishaanza kuwa zito, moto upunguzwe na rojo lichemke polepole kwa dakika 15 mpaka 20. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Rojo huonekana limeiva baada ya dakika 5, kwa kuwa uzito umeshakuja, lakini unga wa dengu bado mbichi. Ulimi unautambua mara moja: ladha ya majani mabichi na uchungu mdogo unaobaki nyuma ya koo. Ukikutana na ladha hiyo mapema alasiri, ujue sufuria imetolewa jikoni kwa haraka. Ukikutana nayo usiku, aghlabu muuzaji ameongeza unga na maji ili rojo lifike mpaka wateja waishe.

Ukali ndio roho ya urojo, nao hutoka sehemu tatu: embe bichi, ukwaju au ndimu. Msimamo wetu uko wazi: embe ndilo bora. Lina ukali, lina harufu yake, na nyama yake ikipondwa hulipa rojo mwili. Ukwaju unafaa lakini hulifanya rojo liwe la hudhurungi na huacha utamu wa chinichini ambao si wa urojo. Ndimu peke yake hutoa ukali mtupu, mkali mwanzoni na usiokaa. Wauzaji wengi huhamia ndimu maembe mabichi yanapoadimika, na hilo halina lawama, mradi ndimu itiwe sufuria ikishatoka motoni. Ndimu iliyochemshwa hupoteza harufu na kuacha uchungu. Tena ukali ukichemka pamoja na unga kwa muda mrefu huuvunja uzito wake, na rojo lililokuwa zito saa kumi linakuwa maji saa kumi na mbili. Kwa sababu hiyo hiyo tunapendelea embe lichemshwe peke yake kwenye maji kidogo mpaka lilainike, lipondwe, kisha litiwe kwenye rojo lililokwisha kuiva, dakika 5 za mwisho. Wengi huchemsha vyote pamoja tangu mwanzo, na linalika, lakini halidumu.

Manjano yawe kidogo. Rangi inayotakiwa ni ya njano iliyofifia. Rojo linalong'aa sana limezidishwa manjano ili lipendeze kwenye picha, na ladha ya udongo itakuwa mbele ya embe.

Kabla ya kuagiza, tazama upawa. Ukiinuliwa, rojo lianguke kwa uzi mmoja usiokatika na kuacha utando mwembamba mgongoni mwa upawa. Likianguka kwa matone limetiwa maji. Likianguka kwa mapande limekaa motoni mno. Tazama pia ukingo wa vibakuli vya wanaokula: duara la maji meupe kuzunguka rojo ni dalili ya maji baridi yaliyoongezwa bila kuchemshwa tena. Halafu omba kijiko cha rojo tupu. Muuzaji anayejiamini hakatai, na wengi hufurahi kuombwa. Harufu ya kuungua, hata ndogo, haina dawa. Rojo lililoshika chini likishakorogwa, harufu imeenea sufuria nzima. Mpishi mzoefu akisikia dalili yake humimina rojo kwenye sufuria nyingine bila kukwangua na kuyaacha yaliyoganda.

Sasa vya kutia ndani. Mbatata zichemshwe na maganda yake kwenye maji ya chumvi, zimenywe zikipoa, zikatwe vipande vya kuingia kijikoni. Zikiiva kupita kiasi humeguka na kulitia rojo uchafu. Ni kitu rahisi, na kwa kuwa ni rahisi hupuuzwa: mbatata isiyo na chumvi ndani yake hubaki chapwa hata ikiogelea kwenye rojo tamu.

Bajia za dengu ndizo zinazotenganisha kibanda na kibanda. Ndani ya urojo bajia ina kazi ya kunywa rojo bila kuyeyuka. Kwa kikombe 1 cha unga wa dengu, hamira ya unga (baking powder) isizidi robo kijiko cha chai. Ikizidi, bajia hufura, hunywa mafuta wakati wa kukaangwa, na ikikutana na rojo husambaratika ikawa uji. Mafuta yawe ya moto wa kiasi, kwa sababu yakiwa makali bajia hugeuka rangi nje na kubaki mbichi katikati. Ikate kwa kijiko kabla ya kuichanganya: ndani iwe kavu na yenye vitundu vidogo, isiwe na kiini cheusi chenye unyevu. Bajia za kunde, zile za kusagwa na thomu (kitunguu saumu) na pilipili, ni nzito zaidi na zinavumilia rojo kwa muda mrefu. Kwenye kibanda chenye aina zote mbili, chukua moja moja.

Kachori ivunjwe kabla rojo halijamiminwa. Ikiachwa nzima, ndimu na pilipili zilizomo ndani hazitoki, na unabaki na donge la mbatata lililovaa ganda. Muuzaji anayeivunja kwa kidole gumba na kuipanga chini ya kibakuli anajua anachofanya.

Mishikaki iwe ya makaa. Moshi wake ndio ladha pekee nzito kwenye bakuli lililojaa ukali, na nyama iliyokaangwa kwenye kikaango haileti hilo. Vipande viwe vidogo, sentimita 2 hivi. Nyama hulainishwa kwa papai bichi, na papai hilo halina subira: likizidi masaa mawili hivi, nyama hulegea na kuwa kama maini. Ukitafuna ukahisi nyama haina nyuzi, papai limekaa mno. Kwa urojo, nyama ngumu kidogo ni afadhali kuliko iliyolegea, kwa kuwa kila kitu kingine bakulini ni laini.

Yai la kuchemsha halina mengi. Angalia tu kiini kisiwe na mzingo wa kijani, dalili ya kuchemshwa kupita kiasi.

Chatne ya nazi inahitaji uangalifu zaidi ya vyote. Ni nazi iliyokunwa ikasagwa na pilipili mbichi, thomu, chumvi na ndimu, bila kupikwa. Kwa joto la Unguja, nazi mbichi iliyokaa nje masaa mengi huanza kuchachuka, na ukali wa ndimu unaweza kuficha uharibifu huo kwa muda. Inuse kwanza. Harufu ya nazi iwe tamu. Ikinukia kama tui la jana, sema usitiliwe. Tazama pia uso wake: utando unaong'aa au vipovu vidogo ni sababu ya kutosha kuiacha. Wauzaji wazuri husaga kidogo kidogo, na bakuli lao la chatne huwa dogo. Bakuli kubwa lililojaa saa tatu usiku halitupi imani.

Muhogo uliokwaruzwa na kukaangwa ni wa mwisho, na uwe wa mwisho kweli. Ukitiwa kabla ya rojo umepotea. Ukiwa umekaa kwenye beseni wazi karibu na bahari, unyevu wa hewa unaulainisha kabla haujafika kwako, kwa hiyo pendelea kibanda kinachouweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Ushike mmoja, uuvunje: usikie mlio.

Mpangilio unaofaa ni huu: mbatata, bajia na kachori chini, nyama na yai juu yake, pawa mbili za rojo la moto, kijiko cha chatne upande mmoja, pilipili upande wa pili, muhogo juu kabisa. Pilipili usiikoroge yote mara moja. Pilipili mbuzi ya kusaga ikishaenea kwenye rojo hakuna kurudi nyuma, na kuongeza rojo ili kuipoza huvuruga uwiano wote. Kula ndani ya dakika 10. Baada ya hapo rojo linapoa na kushikana, bajia zimelewa, muhogo umelala.

Wapi na lini? Kwa maoni yetu, urojo bora uko vichochoroni na mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kati ya alasiri na magharibi, kwenye vibanda ambavyo wateja wake ni watu wa mtaa. Sufuria ni mpya, inamalizika, na mwenye kibanda hana sababu ya kuliongeza maji. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, ina raha yake usiku: taa, upepo wa bahari, watoto wanaoruka majini. Kwa urojo, nenda mapema, jua linapozama, na uulize bei kabla hujakaa, kwa kila kitu kimoja kimoja, kwa sababu nyama na yai hubadilisha hesabu. Ramadhani hakuna urojo wa mchana mitaani. Subiri baada ya futari, na ujue foleni itakuwepo.

Urojo huu ni chakula cha watu wote. Waliokulia Unguja wengi wao waliujua wakiwa watoto wanaotoka chuoni (madrasa) alasiri na sarafu mkononi, na kwao kipimo cha urojo mzuri ni ule ukali wa kwanza unaokaza mashavu. Umewafuata mpaka Muscat, ambako familia zenye asili ya Zanzibar huupika nyumbani. Mombasa wana ndugu yake wa karibu, viazi karai vya kuchovya kwenye ukwaju, lakini huko mchuzi ni wa kusindikiza tu. Kwa anayeupikia Ulaya au Marekani, maduka ya Wahindi yana unga wa dengu na embe bichi, na nazi ya kukunwa iliyogandishwa inafaa sana kwa chatne. Muhogo wa kugandishwa usijisumbue nao kwa kukwaruza. Una maji mengi, unanywa mafuta na haukauki. Tafuta mzima mbichi, ukwaruze, uuoshe, uukamue kwenye kitambaa na uuanike mpaka usiloweshe mkono kabla ya kuukaanga.

Ukitaka kuchukua nyumbani, usikubali vichanganywe kibandani. Rojo liwekwe peke yake kwenye chombo chenye kifuniko, vikavu kwenye karatasi, chatne na pilipili mbalimbali. Nyumbani rojo litakuwa limeshikana. Litie kwenye sufuria, ongeza maji ya moto robo kikombe kwa kila kibakuli, koroga kwa moto mdogo mpaka lichemke, zima, kisha kamulia nusu ndimu.