Kaniwekea kamota ka redio kaseti, ya asili kaiuza skrapu!

Jamani naandika na hasira bado ziko kifuani. Nina ile mashine ya kupakia makaa ya mawe ya treni za kuchezea za Lionel, namba 397, ya Marekani miaka ya 1950 huko, niliachiwa na mjomba. Mota ikaanza kukwama na kunuka kuungua nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Katwe, Kampala.

Nikamwambia wazi, boss, safisha komyuteta (kile kiringi cha shaba kwenye mhimili wa mota) ubadilishe brashi (vile vipande vinavyokigusa kupitisha umeme) basi, koili ni nzima. Akacheka mbele ya watu: "Mzee mzima na katoi ka watoto?" Nikameza.

Kurudi nakuta kafunga kamota ka redio kaseti. Sitadanganya, kalehemu safi, waya zimelala vizuri. Nafika nyumbani nawasha (transfoma yake ni ya umeme wa Marekani, naipitisha kwenye stepdauni, ile ya kushusha umeme, maana wetu ni volti 240), kitu kinanguruma tu mmmm, mkanda wa kupandisha makaa hausogei, kamota kamepata moto hakashikiki. Sasa kangezungukaje? Transfoma ya Lionel inatoa AC, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara. Mota ya asili sumaku yake ni koili, umeme ukigeuka kila kitu kinageuka pamoja, inazunguka tu. Hii yake ina sumaku ya kudumu, inataka DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, ukiipa AC inatetemeka palepale. Dayodi nne za kugeuza AC iwe DC zingemaliza maneno na zimejaa kwenye yale maredio mabovu yaliyolala chini ya benchi lake!

Nikamrudishia. Akaweka dayodi, pole hakuna, na kusema kweli sasa inakwenda vizuri kuliko zamani, hainuki, haipigi kelele, nikishusha wenzo wa transfoma makaa yanapanda taratibu mpaka raha. Nilikuwa tayari kumsifu.

Halafu nikauliza mota yangu iko wapi. "Ssebo (yaani bwana), ile ilikufa, nilitoa na skrapu." Ilikufa nani kasema?? Kitu cha miaka sabini kinahitaji vibrashi viwili tu, yeye kaona kilo ya shaba! Na wala hakunipunguzia hata shilingi, na bado anacheka.

Msiende kwake. Au nendeni, mkono anao, ila kitu chenu cha zamani mkiombe siku hiyohiyo kabla hajakipima kwenye mizani ya skrapu. Mimi ile mashine yangu nyingine, ya kupakia mbao, nayo imeanza kukwama, na kwa hasira zote hizi nitampelekea yeye, ila nitakaa hapo hapo kwenye kigoda namtazama mikono.