Siku nzima milimani na msafara wa wapenzi wa magari: uzoefu wangu

Nilipojiandikisha nilikuwa na hofu moja tu, kwamba itageuka mashindano. Nimewahi kuhudhuria "matembezi" ya aina hii ambapo baada ya kilomita kumi kila mtu anamfukuza mwenzake, na wewe mwenye gari la kawaida unabaki peke yako na vumbi. Safari hii haikuwa hivyo, na kwa hilo pekee nawapa nyota nne. Ya tano waliipoteza kwenye mteremko, nitafika huko.

Tulikutana alfajiri, magari ishirini na mawili. Kulikuwa na Subaru Impreza tatu zenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), Golf GTI iliyong'arishwa mpaka unajiona sura, na Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ile ya taa zinazochomoza, ambayo mwenyewe hakuruhusu mtu yeyote kuiegemea. Lakini watu wengi zaidi walijazana kwenye Land Rover moja kuukuu, kila mmoja akiwa na la kusimulia kuhusu babu au mjomba. Boneti zilifunguliwa, maswali yakaulizwa, na hakuna aliyenicheka kwa gari langu la lita 1.6, gia za mkono, lisilo na turbo. Tatizo ni picha, ndizo zilizotuchelewesha. Tuliahidiwa kuondoka saa moja, tukaondoka saa mbili na robo.

Maelezo kabla ya safari yalikuwa mafupi na ya maana. Hakuna kumpita mwenzako ndani ya msafara. Kila gari linapewa redio ya mkononi. Gari moja linaongoza, jingine linafunga nyuma na halimwachi mtu. Na ukifika njia panda, usikate kona mpaka umwone kwenye kioo yule aliye nyuma yako. Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu kiongozi anaweza kuwa kilomita tano mbele na bado hapotei mtu. Kisha tukagawanywa makundi matatu kwa mwendo ambao kila mtu ameuchagua mwenyewe. Mimi nilichagua la polepole.

Kupanda kulinifundisha unyenyekevu. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Karibu na kilele nilikuwa natumia gia ya pili pale ambapo chini ningetumia ya tatu bila kufikiri. Wenye turbo hawakusikia chochote, maana turbo inaikusanya hiyo hewa nyepesi na kuisukuma ndani kwa nguvu. Joto nalo lilishuka kutoka nyuzi 27 tulikoanzia hadi 15 kule juu. Abiria wangu alichefukwa kwenye kona, nikamhamishia kiti cha mbele atazame mbali, akatulia.

Kuna mahali barabara inajikunja mara saba mfululizo. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, sisi tuko juu yake. Nilipoinua macho niliona tumbo la gari la kwanza likipita juu ya paa langu, na nilipotazama chini kulikuwa na mstari wa taa ukitoka kwenye weupe, moja moja. Redioni hakuna aliyesema neno. Kama ningelipia dakika zile tu, nisingedai chenji.

Sasa mteremko. Nilifanya kosa la kijinga la kushuka na breki badala ya kushuka na gia ndogo, injini yenyewe ikizuia mwendo. Baada ya kilomita chache nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni ya gari la mbele. Kona iliyofuata pedali ikazama karibu na sakafu. Redio ikalia hapo hapo. Alikuwa mzee wa lile gari linalofunga nyuma ya msafara, ambaye alikuwa ameona taa zangu za breki zikiwaka bila kuzimika: "Kijana, gia ya pili. Toa mguu, acha breki zipumue." Injini ikalalama, gari likatii.

Tulisimama kwenye eneo la maegesho. Alinikataza kuvuta breki ya mkono na kumwagia diski za breki maji. Nikaacha gari kwenye gia, tukaweka jiwe nyuma ya tairi. Akafungua boneti, akatazama kichupa cha mafuta ya breki, akatikisa kichwa. Yalikuwa meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu kidogo kidogo: DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, yakiwa mapya huvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mguu wako unabana mapovu badala ya breki. Nusu saa nzima alikaa nami, wengine wakiendelea, wala hakunihesabia.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Fomu ya kujiandikisha iliahidi "ukaguzi wa magari". Ukaguzi wenyewe ulikuwa kutazama tairi, kuwasha taa na kubandikwa stika. Hakuna aliyeniuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, ilhali tunakwenda kwenye mteremko mrefu vile. Niliwaandikia, wakajibu kwamba hali ya gari ni jukumu la mwenyewe. Sibishi. Ila basi wasiuite ukaguzi.

Dosari nyingine ni ndogo: sehemu ya kutazamia mandhari ilitosha magari kumi, sisi ishirini na mawili tukabanana, na ile kamera ya kuruka ilipiga kelele wakati watu wanataka kusikia upepo.

Mafuta ya breki nimeshabadilisha, na pedi za breki za mbele pia. Safari ijayo nimejiandikisha tena, kundi lile lile la polepole, na nimeomba nipangwe wa mwisho, mbele kidogo ya yule mzee.