Uzoefu wangu na gramafoni ya HMV 102, na namna ya kuitambua

Gramafoni hii, mashine ya kuchezea santuri iliyotengenezwa na HMV (His Master's Voice, chapa ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza), niliinunua soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kwa muuza vitu vya zamani, kwa bei isiyozidi ya simu janja ya kawaida. Nimekaa nayo vya kutosha kuweza kuisemea, na kwa wanaoniuliza jibu langu ni moja: inunue ukiipata. Ila ujue kwanza unachonunua, maana ile picha ya mbwa anayesikiliza pembe, nembo ya HMV, haithibitishi chochote.

Muuzaji alikuwa nazo mbili. Moja ina pembe kubwa ya shaba inayong'aa, imekaa juu ya sanduku la mbao la pande nane, na mbwa kabandikwa mbele. Wapita njia wote walikuwa wanapiga picha hiyo. Ya pili ni kisanduku cheusi mithili ya begi la safari, kimechubuka kwenye kona, na pembe yake imefichwa ndani. Yenye shaba ndiyo ya kuigiza. Za namna ile hutengenezwa India kwa mbao mpya na pembe mpya, na ndani mara nyingi huwekwa mashine iliyong'olewa kwenye gramafoni nyingine. Tazama pale pembe inapokunja kuungana na mkono wa sindano: kiungo kinene, kimelehemewa ovyo. Kiwanda cha HMV cha Hayes kule Uingereza hakikutoa kazi ya hivyo.

Kwenye ile nyeusi nilianza na kichwa, yaani kile kidude cha duara kinachoshika sindano. Kimegongwa alama ya 5B, na kiwambo chake, yaani kile kibati chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti, ni cha alumini. Vichwa vya zamani zaidi vilitumia ulanga, yale madini yanayobanduka mabamba membamba. Vichwa vya 5A na 5B hupatikana kwenye HMV 102, iliyoanza kuuzwa 1931, mwaka ule ule kampuni ya Gramophone ilipoungana na Columbia zikawa EMI. Iliendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu yake mkubwa, 101 ya mwaka 1925, anaweza kukuchanganya kwa sanduku, lakini 101 za mwanzo hutiwa ufunguo kwa mbele, wakati 102 hutiwa ubavuni. Fungua kifuniko uone: sauti ya 102 hutokea nyuma, karibu na bawaba, ikagonga kifuniko na kurudi kwako. Kifuniko ni sehemu ya spika, usikifunge nusu ukidhani unapunguza sauti.

Ilikuwa inazunguka kwa kusuasua, nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa hapa mjini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hebu itie ufunguo nisikie.”

Akainamisha sikio. Ndani kukagonga, du, halafu tena du. “Grisi imeganda, mwanangu. Springi inashikana, ikiachia ndiyo inapiga hivyo. Hii usije ukaifungua mwenyewe, itakukata vidole.”

Nilikaa pembeni nikamtazama. Akaisafisha springi kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi mpya, kisha akanionyesha kile kinachoshika mwendo: vyuma vitatu vidogo vilivyofungwa kwenye vibati vyembamba. Mashine ikienda mbio vyuma vinatanuka, vinavuta kisahani cha chuma hadi kikaguse kipande laini, na mwendo unatulia. Hakuna umeme wala betri. Kazi hii ya fundi saa naipa alama zote. Tulipoirudisha nikaweka kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, nikahesabu kwa saa ya simu: mizunguko 78 kwa dakika, barabara.

Sasa kasoro zake. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa santuri, kisha unaitupa, kwa sababu santuri za shelaki, zile nzito za zamani, zina unga mgumu ndani yake unaoila sindano. Ukiirudia sindano, inaanza yenyewe kuila santuri. Santuri za vinili, zile za plastiki za baadaye, usiziguse kabisa na mashine hii, uzito wa kichwa utazichimba mara moja. Mipira inayoshika kiwambo ikizeeka hukakamaa na sauti hukwaruza, yangu nimebadilisha. Na kwa sisi wa kando ya ziwa, unyevu unashambulia bawaba na ile ngozi ya bandia ya sanduku, huku jua la dirishani likipinda shelaki kama chapati. Mahali pake ni kabatini, pakavu.

Lakini sauti! Santuri ya Jean Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na kutolewa na kampuni ya santuri ya Gallotone, kwenye simu nilikuwa naisikia nyembamba. Hapa kila uzi wa gitaa unasimama peke yake, na sebule nzima inaisikia.

Ninazozitafuta sasa ni za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya HMV. Mwaka huohuo reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, kwa hiyo mzigo wa pwani ulikuwa na njia ya kufika ziwani. Kama bibi au babu yako wa Ukerewe, Bukoba au Musoma ana santuri nzito nyeusi darini, asizitupe. Soma lebo ya katikati, andika jina na namba, niulize hapa. Hata zenye mikwaruzo nanunua, mradi hazijapasuka.