Kliniki ya presha na moyo, Ujiji: wauguzi makini, mkanda mdogo

Wauguzi hapa wanajua kazi. Mgonjwa hukaa dakika 5 kabla ya kupimwa presha, mkono wazi, usawa wa moyo. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, husikilizwa mapigo kifuani dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, hapewi dozi mpaka daktari aulizwe. Huulizwa pia kama ana kichefuchefu au anaona vitu vya njano, hasa akiwa kwenye furosemaidi, dawa ya kukojoza, maana hiyo hupunguza potasiamu mwilini na digoksini hugeuka sumu upesi. Furosemaidi yenyewe ni asubuhi, la sivyo usiku wote ni chooni.

Kinachosikitisha ni mkanda wa kupimia: saizi moja tu. Kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mtu huweza kuongezewa dawa bure. Wanunue mkubwa haraka.