Begi la mgongoni la kutwa msituni: anza kwa kichwa cha zipu

Tulikuwa tumeshaingia ndani kabisa ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tukimfuata mwongozaji wetu kuelekea Nyari, nilipohisi kitu kinanigonga kisigino. Chupa ya maji. Nikageuka, nikaona nyuma yangu kanga yangu imelala njiani, na mbele yake mfuko wa chapati umepasuka. Zipu ya begi ilikuwa wazi kutoka juu hadi chini, na cha kuudhi, kichwa chake, kile unachovuta kufunga na kufungua, kilikuwa mwisho kabisa, pale pale nilipokifungia. Kilikuwa kimepita juu ya meno bila kuyakamatisha.

Chupa moja ya lita mbili hatukuiona tena. Mle ndani kuna tembo, na mwongozaji hakubali mtu arudi nyuma peke yake kutafuta chupa. Wala hakuna duka. Watu watatu tulimaliza siku kwa maji ya watu wawili, na nilipofika Nyari, pale msitu unapoonekana wote umelala chini hadi hori ya Mida na bahari nyuma yake, sikuwa na raha ya kutazama chochote. Begi lile nililinunua hapa Malindi kwa shilingi 3,500, wiki tatu kabla.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza anunue begi gani namjibu kwa zipu. Mambo ya ukubwa wa begi, yaani lita zake, nitayamaliza upesi: 20 hadi 30 zinatosha kwa kutwa nzima. Rangi chagua mwenyewe. Mkanda wa kiunoni lazima uwepo, kwa sababu lita nne za maji ni kilo nne, na mabega hayakuumbwa kubeba kilo nne peke yake toka alfajiri hadi alasiri.

Sasa zipu. Meno ya nailoni huwa hayana neno, yanadumu miaka. Kinachokufa ni kichwa. Huku kwetu kina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi ya hewa: kichwa cha bei rahisi kikichubuka rangi kinaota unga mweupe, kisha kinaganda. Wa pili ni mchanga. Arabuko-Sokoke ina udongo mwekundu upande mmoja na mchanga mweupe kwenye miti ya mirihi, na ule mweupe ukiingia kwenye zipu unasaga kichwa kwa ndani kama msasa. Kinapanuka kidogo kidogo, jicho halioni, mpaka siku kinapoteleza bila kubana. Ndiyo siku yangu ile.

Dukani fanya hivi. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa, uiguse kwenye kichwa cha zipu. Kikinasa, kuna chuma ndani, na chuma pwani ni kutu. Kisha pindua kichwa utazame mgongo wake. Zipu nzuri huwa na namba: 3, 5, 8 au 10, ambayo ni kama upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Mfuko mkubwa wa begi usikubali chini ya 5, na 8 au 10 ni bora zaidi. Tatu ni ya mfuko wa funguo. Mwisho jaza begi mpaka livimbe, lifunge, halafu vuta kitambaa pande zote mbili za zipu kwa nguvu, hasa kwenye kona. Begi likiwa tupu, zipu yoyote itafunga.

Kwa kipimo hicho, mimi chaguo langu la kwanza ni Deuter Futura, na sitajifanya sina upande. Wajerumani hawa wanashona mabegi tangu 1898. Langu ni la mtumba, lina zipu za YKK, kampuni ya Kijapani ya zipu, na kichwa kinakwenda kwa kidole kimoja baada ya misimu ya vumbi na mvua. Mgongo wake ni wavu uliotengwa na begi, hewa inapita, na kwa jasho la pwani hilo si anasa. Mvua ikija kuna kifuniko chake chini. Dada zangu, tafuteni yenye herufi SL na ua dogo limening'inia: mikanda yake imekatwa kwa mwili wa mwanamke, haisugui kifua.

La pili ni Osprey, Talon 22 au Tempest 20 ya wanawake. Ni jepesi kuliko Deuter na linakaa mwilini vizuri mno. Nimelishusha kwa sababu lina vimifuko vingi vyenye zipu nyembamba, na kila zipu nyembamba ni mlango wa mchanga.

La tatu litakushangaza: begi lolote imara lisilo na zipu juu, la kukunja mdomo au la kamba na mfuniko. Wenye mashua wanalijua siku nyingi. Kulifungua kunachosha, ila haliachami.

Quechua, ya maduka ya Decathlon ya Ufaransa, ndiyo rahisi ninayoweza kuitaja bila wasiwasi, nayo ina dhamana ya miaka 10. Ya matembezi mafupi ni sawa. Mengine ya rahisi, yale ya kuning'inizwa mlangoni mwa duka, achana nayo.

Na hapa nina la kusema na wauzaji. Niliporudisha begi langu niliambiwa nimelijaza kupita kiasi. Chapati sita, kanga na maji! Nembo iliyoshonwa mbele ilikuwa ya kampuni kubwa, na mgongo wa zipu ulikuwa mtupu, hauna hata herufi. Aliyelileta alijua ni la bandia. Halafu bei: mzigo unashuka bandari ya Mombasa, kilomita 120 tu kutoka hapa, unapandishwa Nairobi, unarudishwa Malindi, na sisi tunalipia safari zote mbili. Ndiyo maana naenda soko la Kongowea, Mombasa, mwenyewe, alfajiri, na sumaku yangu mkononi.

Ukishapata zuri, litunze. Ukirudi safari, suuza zipu kwa maji baridi na mswaki wa zamani, iache ikauke kivulini, halafu pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno. Mafuta ya kupikia usiguse, yananasa mchanga. Kichwa kikianza kuteleza, fundi mabegi anakibana kwa koleo, taratibu, kushoto na kulia, na kinakupa miezi kadhaa. Akitaka kubadilisha zipu nzima, mwambie abadilishe kichwa tu, umpelekee wewe mwenyewe chenye namba ile ile.