Uzoefu wangu na bodi ya ADF4351: jita ilishuka nilipobadili filta ya lupu

Wadau habari zenu. Mimi nipo Mtwara mjini, kazi yangu kubwa ni redio za VHF za baharini, zile za boti za uvuvi na majahazi ya Mikindani, Msimbati mpaka Kilwa huko, sasa kwa kazi hii lazima uwe na mashine ya kutoa signali safi ya kupimia risiva, na mashine ya maana bei yake haishikiki. Ndio nikachukua hizi bodi ndogo zenye chipu ya ADF4351, zinauzwa mtandaoni hazina hata jina la aliyetengeneza.

Chipu yenyewe naisifia, inatoa MHz 35 mpaka GHz 4.4, VCO yake (osileta inayobadili masafa kwa volti) iko ndani inacheza kati ya GHz 2.2 na 4.4 halafu inagawanywa. Chipu inailinganisha VCO na kristali, na filta ya lupu ndiyo inasafisha volti ya kusahihisha inayokwenda kwenye VCO; huo mzunguko ndio lupu. Mimi shida yangu ni chaneli 16, yaani MHz 156.8, kwa hiyo VCO inakaa MHz 2508.8 unagawanya kwa 16. Raha ya kugawanya ni kwamba kila ukigawanya kwa mbili kelele ya fazi (mtikisiko mdogo wa signali, ukiupima kwa muda ndio jita) inashuka dB 6, kwa 16 umeshapata dB 24 za bure.

Tatizo ni bodi ilivyokuja. Kipimo kinachonikosesha usingizi ni kile cha chaneli jirani, unaweka signali kali kHz 25 pembeni halafu unaangalia risiva inahimili vipi, na redio nzuri ya baharini inatakiwa ihimili dB 70 hivi. Sasa kama signali yako ya kupimia ina kelele pembeni, ile kelele inamwagikia ndani ya chaneli unayosikiliza, redio ya watu nzima kabisa unaiona mbovu. Niliazima spektramu analaiza nikaitazama bodi, signali iko katikati na kulia na kushoto imeota mabega mawili. Ukiona mabega hivyo ujue filta ya lupu haina akiba ya fazi ya kutosha (phase margin, nafasi iliyobaki kabla lupu haijayumba), lupu inakaribia kuyumba na kelele ya eneo lile inakuzwa badala ya kupunguzwa.

Halafu kuna hili, jaribuni wenyewe. Washa risiva ya FM kwenye 156.8, vaa hedfoni, kisha gonga kapasita za filta taratibu na kijiti cha mbao. Kwangu kila nikigonga nasikia "ting" sikioni! Zile kapasita za seramiki za bei rahisi (X7R na wenzake) zikitikiswa zinazalisha volti, na volti yoyote pale inakwenda moja kwa moja kuisukuma VCO, ambayo kwa volti moja tu inahama karibu MHz 40. Kwa hiyo hata feni ya mezani inaingia kwenye signali yako.

Dawa ni kuhesabu filta upya, na hapa naipa nyota tano ADIsimPLL ya Analog Devices, ni ya bure, unaiingizia chipu, PFD (kilinganishi cha kristali na VCO, na masafa yake), upana wa lupu (mpaka wapi lupu inasahihisha) na akiba ya fazi unayotaka inakupa thamani za rezista na kapasita, inakuchorea kelele inatoka wapi na jita unaipata kabisa kwa pikosekunde. Cha kuelewa ni hiki: ndani ya upana wa lupu unasikia kelele ya kristali, PFD na chaji pampu (inayosukuma mkondo kwenye filta) ikiwa imezidishwa na N (VCO gawanya kwa PFD), nje yake unasikia kelele ya VCO. Ukiibana filta sana VCO inakuwa huru kuchafua, ukiipanua sana unaruhusu kelele ya PFD ipite mpaka mbali. Jita inakuwa ndogo pale grafu za kelele hizo mbili zinapokutana, na kwa PFD ya MHz 25 (INT 100, FRAC 44, MOD 125, yaani N ni 100 na 44/125) kwangu zilikutana kwenye kHz 40 mpaka 50 hivi. Nikaweka kHz 45, akiba ya fazi digrii 50. Watu wengi wanashusha PFD ili hesabu iwe rahisi, msifanye hivyo jamani, N inapanda na kelele ya ndani inapanda nayo.

Kapasita zote za filta nikaweka C0G (seramiki isiyozalisha volti ikitikiswa), ile kubwa ambayo C0G yake haipatikani nikaweka ya filamu, imesimama kama mnara lakini inafanya kazi. Rezista ya mwisho karibu na VCO msiiweke kubwa, joto lake lenyewe ni kelele. Na sapulai, volti 5 ya USB ya laptopu ni chafu, nimeweka regyuleta ya kelele ndogo ya 3.3 ya VCO peke yake. Kwenye rejista ya R2 (mipangilio ya ndani ya chipu) nikachagua hali ya kelele ndogo.

Matokeo: mabega yameondoka, ukigonga husikii kitu, na redio niliyokuwa naishuku kwenye chaneli jirani imepita vizuri. Ukimaliza kuchomea safisha flaksi yote upake vanishi, hewa yetu hii ya chumvi inapitisha umeme kidogo kidogo juu ya bodi na volti ya VCO inavuja, unaanza kuona vijiti vya PFD (signali ndogo zisizotakiwa) pembeni ya signali.

Kwa bei yake bodi naipa nyota tatu ilivyo, nne ukishaibadili. Kilichobaki ni kristali, mchana joto likipanda masafa yanahama na hilo filta hailigusi kwa sababu lupu inaifuata kristali popote inapokwenda. Naiwekea TCXO (kristali inayofidia joto) ya MHz 10 na dabla ya ndani ya chipu (inazidisha masafa mara mbili), PFD itakuwa 20 na N 125.44, kwa hiyo thamani za filta nazihesabu tena.