SP-404MKII na iPad kwenye meza moja: tathmini kwa prodyuza wa Lubumbashi

Tuanze na hukumu, kwa sababu wengi wanaouliza tayari wana iPad mkononi na wanataka kujua kama pesa ya mashine itapotea. Haitapotea. Roland SP-404MKII, mashine ya kunasa na kukata sauti na kuzipiga kwa pedi, ikiunganishwa na iPad kwa kebo moja ya USB inatosha kuandaa biti, kunasa gitaa na sauti ya mwimbaji, na kwenda kupiga harusini Kamalondo bila kompyuta. Lakini kinachoamua kama meza hii itafanya kazi Lubumbashi si sauti. Ni umeme, na namna ulivyoupanga.

SP-404MKII ilitoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 499 huko Marekani. Inayofika hapa kupitia mpaka wa Kasumbalesa au kwa mtu anayetoka Dubai hubeba usafiri na ushuru juu yake, kwa hiyo usishangae ukiikuta imepanda. Ina pedi 17, benki 10 zenye nafasi ya sampo (vipande vya sauti vilivyonaswa) 160 kwa kila mradi, miradi 16, na hifadhi ya ndani ya GB 16. Inapiga hadi sauti 32 kwa wakati mmoja. Kwa meza yetu, jambo kubwa ni kwamba ina kadi ya sauti ndani yake. Ukiichomeka kwenye iPad, iPad inaitambua bila kuweka programu yoyote ya ziada: sauti ya stereo inakwenda, sauti ya stereo inarudi, na MIDI, yaani amri za noti na tempo, inapita humo humo.

Hapo ndipo inapoizidi Novation Circuit Tracks, ambayo watu wengi huilinganisha nayo. Circuit Tracks ina betri ya ndani ya kuchaji na sinthi (ala za kielektroniki) zake mwenyewe, ni mashine nzuri, lakini USB yake inapitisha MIDI tu. Sauti lazima uitoe kwa jeki hadi kwenye kadi nyingine. Na iPad hutumia kadi moja ya sauti kwa wakati mmoja. Huwezi kuchomeka mbili ukazichanganya. Ukichomeka ya pili, kwa kawaida iPad inahamia kwenye iliyochomekwa mwisho na kuiacha ya kwanza. Hiyo pia ndiyo sababu ya lile tatizo la "sauti imepotea ghafla": mtu amechomeka adapta ndogo ya hedifoni kwenye habu, iPad ikaifuata. Hedifoni zichomeke kwenye SP. Ina matundu mawili, dogo na kubwa.

Sasa umeme. SP ikila kupitia USB inahitaji volti 5 na ampea 1.5. Habu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini hutoa ampea 0.9 kwa kila tundu. Mashine itawaka, taa zitacheza, kisha utakapoweka efekti nzito itazima. Watu hudhani mashine ni mbovu. Angalia maandishi ya habu kabla ya kulipa, na kama hayasemi ampea ngapi, iache. Unahitaji habu ya USB-C yenye tundu la kuingizia umeme wa PD (Power Delivery, uchajaji wa haraka kwa USB-C) na angalau tundu moja la USB-C la data linalotoa 1.5 au zaidi. Kwa iPad ya zamani yenye Lightning, kwa mfano ya kizazi cha 9, utahitaji adapta ya Apple ya Lightning kwenda USB 3 yenye tundu la kuchajia pembeni. Ile ndogo isiyo na tundu la kuchajia haitoshi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni hili: habu imechomekwa kwenye chaja ya ukutani. Delestaji (mgao wa umeme) ikija, iPad haizimi kwa sababu ina betri, na mtu anafikiri yuko salama. Lakini habu ikipoteza umeme hujipanga upya, na kwa sekunde moja au mbili hukata kila kilichochomekwa kwake. iPad inapoteza kadi ya sauti, unasaji unasimama, na sauti iliyokuwa ikiimbwa haipo tena. Umeme ukirudi, kitu kile kile kinatokea mara ya pili. Dawa ni pawabenki yenye PD iwe ndiyo chanzo cha habu muda wote wa kazi, hata kama umeme upo. Chaji pawabenki usiku, usiichaji huku inalisha meza, kwa sababu nyingi nazo hukatika kidogo unapochomeka au kuchomoa chaja.

Hesabu yake ni rahisi. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban saa-wati 74. Toa upotevu, zinabaki kama 60. SP inaweza kula hadi wati 7.5, na iPad inayofanya kazi huku ikichaji weka wati 8 hadi 10. Unapata saa tatu na nusu, karibu nne. Inatosha kikao kimoja. Kwa onyesho la usiku beba mbili, na badilisha wakati wa mapumziko, si katikati ya wimbo.

Mashine inakubali pia betri 6 za AA. Nunua za kuchaji, Ni-MH, au alkalaini. Zile za kaboni zinazouzwa sokoni kwa ajili ya redio na tochi zisikaribie mashine hii. Haziwezi kutoa umeme inaohitaji, na zikivuja zinakula vyuma vya ndani. Hata zile nzuri hudumu saa chache tu, kwa hiyo zichukue kama akiba.

Faida nyingine ya pawabenki hutaiona kwenye karatasi ya vipimo: meza inakaa kimya. SP na iPad zikilishwa kutoka ukutani, hasa nyumba ikiwa kwenye jenereta, unasikia mlio mwembamba wa umeme ndani ya spika. Kwa pawabenki mlio huo kwa kawaida hutoweka. Ukiingia kwenye mikisa kubwa ya kanisa au ukumbi ukausikia tena, weka di-boksi mbili (visanduku vinavyotenganisha nyaya za sauti) kati ya SP na mikisa.

Upande wa iPad, programu inayostahili kununuliwa kwanza ni AUM, kama dola 20. Ni meza ya kuchanganyia: inapokea sauti ya SP, inafungua sinthi na efekti za AUv3 (programu-jalizi za iPad zinazofunguka ndani ya programu nyingine), inanasa kila njia peke yake, na inatuma kloki ya MIDI (mapigo ya kuoanisha tempo ya mashine). Ya pili ni Koala Sampler, kama dola 5, kwa kukata sampo haraka ukiwa njiani. GarageBand ni ya bure na inatosha kwa kupanga treki. App Store ya DRC ilifunguliwa mwaka 2020, kwa hiyo hakuna haja ya kudanganya nchi. Ukipata kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, unanunua kwa akaunti ya hapa hapa. Ukinunua iPad ya mkono wa pili, muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, kisha uifute na kuiwasha upya kabla ya pesa kubadilisha mikono. iPad iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haikusaidii kwa lolote.

Mpangilio wa kwanza ufanyike hivi. Washa SP, ichomeke kwenye habu, habu kwenye iPad, kisha ndipo ufungue AUM. Weka kiwango cha sampo (vipimo vya sauti kwa sekunde) kuwa 48,000, kwa sababu SP inafanya kazi kwa 48,000 tu. Weka bafa, yaani akiba ndogo ya sauti, kwenye 256, yaani kuchelewa kwa milisekunde 5.3 kwa kila upande. Ukipiga sinthi kwa vidole na ukahisi inaburuta, shuka hadi 128. Ukisikia mikwaruzo, panda 512. Fungua njia moja yenye ingizo la USB kutoka SP, na nyingine ya sinthi yenye toleo kwenda SP. Bonyeza EXT SOURCE kwenye SP ili usikie iPad.

Hapa subiri kidogo kabla ya kupandisha sauti. Sauti ya iPad imeingia SP, SP inairudisha iPad, na kama ile njia ya kwanza ya AUM nayo imeelekezwa kwenda SP, umetengeneza duara. Itaanza kama mwangwi, kisha mluzi unaoweza kuumiza masikio na spika. Njia inayopokea SP isiwe na toleo la kwenda kwenye SP kamwe. Iache inase tu.

Kloki itoke sehemu moja. AUM iongoze, SP ifuate kupitia USB MIDI, na programu nyingine zote kwenye iPad zizuiwe kutuma kloki. Zikituma mbili, tempo inarukaruka. Namba ya tempo kwenye skrini ya SP kucheza kidogo, 103.9 kisha 104.1, ni kawaida na haisikiki. Efekti kama DJFX Looper zitafuata tempo hiyo vizuri, na hapo ndipo mashine hii inapokuwa tamu kweli: sinthi safi ya iPad inapita kwenye Vinyl Simulator au Cassette Simulator, unainasa tena kwenye pedi, na inatoka na vumbi na joto ambalo programu za tableti hazijalifikia.

Udhaifu mkubwa wa ndoa hii ni kwamba SP inatoa stereo moja tu kwenda iPad. Huwezi kunasa kiki, besi, gitaa na sauti kwenye treki tofauti kwa mpigo mmoja. Lazima upitishe moja moja. Wimbo wa dakika 4 wenye sehemu 6 ni dakika 24 za kunasa, bila kuhesabu makosa. Kila mpito huanza ukiwa umechelewa kwa kiasi tofauti kidogo, kwa hiyo weka baa moja ya klevu (mlio mkali wa vijiti) mwanzoni mwa patani na uiache isikike kwenye kila mpito. Baadaye panga treki zote kwenye pigo la kwanza la klevu, kisha ikate. Bila hilo, gitaa la pili litaonekana limelewa, na kwenye sebene, ambako magitaa mawili yanajibizana kwa nafasi ndogo kabisa, hata milisekunde 15 zinasikika.

Kwa gitaa, tundu la maiki na gitaa lililo kwenye SP linatosha na halihitaji kisanduku cha ziada. Ukikata kifungu cha gitaa la vidole la Kikatanga, usiiachie mashine ikate yenyewe. Ukataji wa kujiendesha unatafuta mapigo makali, na gitaa letu noti zake zinaingiliana, besi ya dole gumba bado inalia wakati noti ya juu inaanza. Weka alama kwa mkono, kisha ziweke pedi zote za gitaa hilo kwenye kundi moja la kunyamazishana ili kipande kipya kikate mkia wa kilichotangulia. Tofauti ni kubwa. Na kama mpigaji alikuwa anajipasha moto akatoa kitu kizuri hukuwa tayari kukinasa, Skip-Back inakurudishia sekunde 25 zilizopita. Kipengele hicho kimoja kinakaribia kulipa bei ya mashine.

Maiki iwe ya dainamiki. SP haitoi volti 48 zinazohitajiwa na maiki za kondensa, kwa hiyo maiki ya studio ya gharama itakaa kimya kabisa, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha hali hiyo.

Kuhamisha sampo bila kompyuta kunawezekana. Fomati kadi ya SD ya GB 32 au chini ndani ya SP yenyewe ili itengeneze folda zake, kisha itoe, iweke kwenye kisomea-kadi cha iPad, na utumie programu ya Files kuweka WAV au MP3 kwenye folda ya IMPORT. Majina yawe mafupi, maana skrini ni ndogo.

Kabla ya kunasa sauti ya mwimbaji, weka iPad kwenye hali ya ndege. Mlio wa ujumbe wa WhatsApp unapita kwenye USB kama sauti nyingine yoyote na utaingia kwenye sampo. Hedifoni za Bluetooth zisitumike kabisa kwa kupiga. Zinachelewa kiasi ambacho hakuna bafa itakayokiponya.

Mwezi wa kumi jua likiwa kali, iPad isikae dirishani wala juu ya spika. Apple inaitengeneza kwa joto lisilozidi nyuzi 35, na ikipata joto hupunguza kasi ya prosesa, ndipo mikwaruzo inapoanza hata kwenye bafa ya 512. Ukiona hivyo, inasa sinthi kwenye pedi za SP na uifunge kwenye AUM. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia pembeni mwa pedi. Kitambaa cha kufunikia kila ukimaliza ni kinga ya bei nafuu.

Mwenye simu au tableti ya Android hakukataliwa. SP inatambulika kwa kebo ya USB-C, na Koala na FL Studio Mobile zipo. AUM haipo, wala AUv3, na kuchelewa kwa sauti hutofautiana sana kati ya kifaa na kifaa, kwa hiyo jaribu na mashine ya rafiki kabla ya kununua yako. Asiye na tableti wala simu ya maana, na mwenye pesa ya kitu kimoja tu, achukue SP peke yake kwanza. Itafanya kazi bila iPad. iPad isiyo na pedi wala tundu la gitaa itakuacha ukigonga kioo.